Uaminifu Haulindi Akiba

Novemba 17, 2008, mjini Belfast, chama cha kuweka akiba cha waumini wa Kanisa la Presbiteri la Ireland kiliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Kiliitwa Presbyterian Mutual Society. Kilianzishwa mwaka 1982, kilikuwa na wanachama wapatao 10,000, na akiba walizokikabidhi zilizidi pauni milioni 300. Wengi wao walikuwa watu wa kipato cha kawaida: wastaafu, wakulima, wafanyabiashara wadogo. Baadhi ya sharika nazo zilikuwa zimeweka humo fedha zao. Kuanzia siku hiyo hakuna mwanachama aliyeweza kwenda kuchukua fedha yake, na ilipita karibu miaka mitatu kabla malipo makubwa hayajaanza kutolewa. Katika kipindi hicho wapo waliouguza, waliozika na waliozeeka huku akiba ya maisha yao ikiwa tarakimu tu kwenye karatasi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia habari ya namna hii huuliza kwanza: nani kazila fedha? Tuna sababu ya kuuliza hivyo. Mwaka 2009 Watanzania waliona DECI ikisimamishwa na serikali. Ule ulikuwa mpango wa upatu ulioongozwa na wachungaji, ambamo wanachama walialikwa kupanda mbegu ya fedha wakiahidiwa mavuno yanayozidi mbegu mara kadhaa. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Upatu wa aina hiyo hauna biashara yoyote nyuma yake. Anayevuna leo analipwa kwa mbegu ya aliyepanda jana, na siku wapandaji wapya wakikosekana kila kitu kinakatika. Chama cha Belfast hakikuwa hivyo. Kilikuwa na mikopo halisi, majengo halisi, na miaka 26 ya kulipa wanachama bila matata. Hakuna aliyetoroka na sanduku la fedha. Kwa sababu hiyo hasa kinatufundisha zaidi ya DECI: mwizi tunajua kumwogopa, lakini hatujajifunza kuogopa mpango mbovu ulio mikononi mwa watu wema.

Hoja ya makala haya ni kwamba akiba hupotea mikononi mwa waadilifu kama inavyopotea mikononi mwa matapeli, pale mambo matatu yanapokutana: chama kinapoahidi kumlipa mwanachama fedha yake kila anapoihitaji, kinapozifunga fedha hizohizo katika mali isiyouzika haraka, na kinapokosa mdhamini mwenye nguvu aliyejifunga kisheria kusimama nyuma yake. Imani ya pamoja haiwezi kuziba pengo hilo. Inachoweza kufanya, na ndicho ilichofanya Belfast, ni kulifunika ili lisionekane mpaka siku ya msiba.

Tuanze na namna chama kilivyofanya kazi. Kujiunga kulikuwa kwa waumini wa Kanisa la Presbiteri. Mwanachama hakufungua akaunti kama ya benki, alinunua hisa. Sheria iliweka ukomo wa pauni 20,000 za hisa kwa mtu mmoja, hivyo aliyetaka kuweka zaidi ya hapo alihesabiwa kuwa amekikopesha chama kile kinachozidi. Kwa mwanachama tofauti hiyo ilikuwa maneno ya fomu tu. Alijua kwamba ana akiba yake mahali salama, miongoni mwa watu wake, inampa faida nzuri kidogo kuliko ya benki, na akitoa taarifa atapewa. Kwa upande wa pili, chama kilizichukua fedha hizo na kuzikopesha, kwa sehemu kubwa kwa shughuli za ardhi na majengo, na nyingine kikanunulia majengo ya biashara ya kupangisha. Miaka ya neema biashara hiyo ilionekana haina hatari. Bei za nyumba Ireland Kaskazini zilipanda kwa kasi hadi mwaka 2007, kodi za pango zikaingia, wakopaji wakalipa, na kila mwaka uliopita salama uliongeza imani kwamba mwaka ujao nao utakuwa hivyo.

Kasoro ilikuwa kwenye muda. Akiba ya mwanachama ilikuwa fedha ya wiki chache. Jengo la ofisi ni fedha ya miaka. Kila benki duniani hubeba tofauti hiyo, kwa maana ndiyo kazi yenyewe ya benki, kuchukua fedha za muda mfupi na kuzikopesha kwa muda mrefu. Lakini benki inalazimishwa na sheria kuibeba kwa masharti. Hutakiwa kuweka kando fedha taslimu na mali inayouzika kesho, kuwa na mtaji wake wenyewe wa kubeba hasara, kuonyesha hesabu zake kwa msimamizi anayeweza kuifungia, na kuchangia bima ya amana. Ikipungukiwa ghafla, inaweza kukimbilia benki kuu ikakopa. Chama cha Belfast kilifanya kazi inayofanana na ya benki bila hata moja ya nguzo hizo. Kilisimama kwa nguvu ya jambo moja, nalo ni kwamba wanachama hawatakuja wote siku moja.

Wakaja. Septemba 2007 Waingereza waliona foleni ndefu nje ya matawi ya benki ya Northern Rock, na serikali ikalazimika kutangaza kwamba inadhamini amana zote zilizomo. Mwaka mmoja baadaye benki ya Lehman Brothers ilianguka New York na hofu ikaenea dunia nzima. Mwisho wa Septemba 2008 serikali ya Jamhuri ya Ireland, jirani wa mpakani, ilitangaza kudhamini amana zote za benki zake kubwa. Siku chache baadaye Uingereza nayo ilipandisha kiwango cha fidia ya amana kutoka pauni 35,000 hadi 50,000 kwa kila mtu. Hatua hizo zilituliza watu wenye fedha benki. Kwa wanachama wa chama cha Kipresbiteri zilizusha swali ambalo kwa miaka 26 karibu hakuna aliyelazimika kuliuliza: na sisi je, nani anatudhamini? Jibu lilikuwa hakuna. Dawa iliyotolewa kuokoa benki ikawa ndiyo iliyowasukuma watu kutoa fedha kwenye chama, kwa kuwa mtu mwenye busara hawezi kuacha akiba yake mahali pasipo na kinga wakati upande wa pili wa barabara pana kinga ya serikali. Katika wiki chache za Oktoba mamilioni ya pauni yalitoka. Fedha taslimu zikakauka, na majengo hayangeweza kuuzwa katika soko lililokuwa likiporomoka. Katika miaka iliyofuata, bei za nyumba za Ireland Kaskazini zilishuka kufikia kama nusu ya zilivyokuwa kileleni.

Inafaa kutazama kwa makini ni nani aliyebaki na hasara. Waliotoa fedha mapema walipata zote, pauni kwa pauni. Waliosubiri, ama kwa kutojua au kwa kuona kwamba kukimbilia fedha ni kukivunja chama cha ndugu zao, walikuta mlango umefungwa. Chama kinachoishi kwa kuaminiana, siku ya dhiki humlipa anayeacha kuamini na humwadhibu anayeendelea kuamini. Hakuna mahubiri yanayoweza kubadili hesabu hiyo, maana haitokani na ubaya wa moyo wa mtu. Inatokana na muundo. Anayewaomba watu wawe na moyo wa kubaki bila kurekebisha muundo anawaomba wale walio bora miongoni mwao wajitolee kuwa wa mwisho kwenye foleni.

Foleni hiyo ilikuwa na uchungu wa pili. Chama kinapofilisika, sheria huwalipa wadai kwanza, kisha wenye hisa hugawana kinachobaki, kwa sababu mwenye hisa anahesabiwa kuwa mmiliki, na mmiliki ndiye abebaye hasara. Sasa tukumbuke ukomo wa pauni 20,000. Mjane aliyekuwa na pauni 8,000 alikuwa mwenye hisa tu, hivyo alisimama nyuma kabisa. Aliyekuwa na pauni 100,000 alikuwa mwenye hisa kwa 20,000 za kwanza na mdai kwa 80,000 zilizobaki, hivyo sehemu kubwa ya fedha yake ilitangulia mbele ya ile ya mjane. Mwenye kidogo alikuwa hatarini kupoteza chote, na mwenye kingi alikuwa na matumaini ya kupata sehemu kubwa. Hakuna aliyepanga udhalimu huo. Ulikuwa umelala ndani ya fomu tangu siku ya kwanza, na wanachama walisaini bila mtu kuwaeleza kwamba kuitwa mmiliki wa chama kuna heshima wakati wa mkutano mkuu na kuna gharama wakati wa ufilisi.

Serikali ilikuwa wapi? Katika mwanya. Chama kilisajiliwa chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya Ireland Kaskazini, na msajili wake alikuwa idara ya serikali ya Belfast iliyoshughulikia biashara na uwekezaji. Idara hiyo ilipokea nyaraka na kutunza daftari. Kupima kama chama kina fedha za kutosha kulipa watu wake haikuwa kazi yake. Huko London kulikuwa na Mamlaka ya Huduma za Kifedha, yenye nguvu na utaalamu wa kupima mambo hayo, lakini haikuwahi kukipa chama leseni wala kukisimamia. Baada ya anguko, mamlaka hiyo ilifikia uamuzi kwamba chama kilikuwa kikifanya shughuli zilizohitaji kibali chake bila kuwa nacho. Kamati ya Hazina ya Bunge la Uingereza ilichapisha ripoti juu ya suala hili mwaka 2010. Kwa mwanachama wa kawaida, cheti cha usajili kilichoning'inia ukutani kilitosha kumwambia kwamba serikali inajua. Kumbe kusajiliwa na kusimamiwa ni vitu viwili, na akiba nyingi za watu, huko na hapa kwetu, zimepotea kati ya viwili hivyo.

Mwanya wa aina hiyo hatuna haja ya kwenda Ulaya kuutafuta. Nchini Kenya, KUSCCO, chombo mwavuli cha SACCO (vyama vya ushirika wa akiba na mikopo) zilizotarajiwa kuwa na uangalifu kuliko mtu mmoja mmoja, kilipokea akiba za SACCO wanachama kikiwa nje ya usimamizi wa SASRA, mamlaka inayosimamia SACCO, na ukaguzi uliotangazwa mwanzoni mwa 2025 ulionyesha upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Tofauti na Belfast, huko kulitajwa ulaghai. Lakini mlango ulioachwa wazi ni uleule: fedha za wanachama ziliwekwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuingia na kusema hesabu hizi hazikai sawa. Mwavuli uliaminiwa kwa kuwa ni wa wenyewe, kama kilivyoaminiwa chama cha waumini.

Sasa tuje kwenye kanisa lenyewe. Msimamo wake ulikuwa kwamba chama kilikuwa chombo kinachojitegemea, chenye bodi yake na vitabu vyake, na kisheria kilikuwa hivyo. Lakini jina lilikuwa la kanisa, sharti la kujiunga lilikuwa uumini, na fedha za sharika zilikuwemo. Mtu akiona yote hayo ataamini kwamba kanisa limekikagua na kukiridhia, na kwamba halitakiacha kianguke. Jina lilibeba ahadi ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyekuwa na uwezo wa kuitimiza. Mpango wa uokoaji ulipofikiwa, kanisa lilichanga pauni milioni 1. Kwa kanisa hiyo ni fedha nyingi, na kwa chama chenye akiba za zaidi ya milioni 300 ni tone. Tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha wazi kwamba kanisa halikuwahi kuwa mdhamini, hata kama wanachama waliliona hivyo kwa miaka yote 26.

Uokoaji ulitoka kwa walipa kodi, baada ya kampeni ndefu. Wanachama waliuliza kwa haki kwa nini Waingereza waliokuwa wameweka fedha Icesave, tawi la mtandaoni la benki ya Iceland, walilipwa na serikali yao mwaka 2008, ilhali raia walioweka akiba Belfast waliambiwa wasubiri. Mwaka 2010 serikali ya London ilikubali mpango, na Julai 2011 Mahakama Kuu ya Ireland Kaskazini ikauidhinisha. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa pauni milioni 175, uliomwezesha msimamizi kuwalipa wanachama bila kuyauza majengo kwa bei ya kutupa. Mkopo huo ungerejeshwa polepole kadiri mali inavyouzwa. Pauni milioni 50 nyingine, nusu kutoka London na nusu kutoka serikali ya Belfast, zilielekezwa hasa kuwalinda wenye akiba ndogo, ambao sheria ilikuwa imewaweka nyuma. Malipo yalianza Agosti 2011. Wenye kidogo walitangulizwa, na wenye kingi walipata sehemu kubwa wakaambiwa wasubiri mali iuzwe kwa masalio. Mpango ulikuwa wa busara, na mantiki yake inathibitisha kilichokosekana tangu mwanzo. Kwa kiasi kikubwa chama hakikuhitaji kupewa fedha. Kilihitaji mtu mwenye mfuko mkubwa wa kukipa muda. Muda ndio ambao benki hununua kwa kukubali kusimamiwa.

Wapo watakaopinga kwa kusema wanachama walijitakia. Walifuata faida iliyozidi ya benki, na anayetaka faida zaidi abebe hatari zaidi. Hoja hii ina uzito pale mtu anapojua kwamba kuna hatari. Mwekezaji anayenunua hisa kwenye soko la mitaji anapewa waraka unaomwambia anaweza kupoteza kila kitu. Mwanachama wa Belfast hakujiona mwekezaji; alijiona mweka akiba, na kila kitu kilichomzunguka kilimthibitishia hivyo. Zaidi ya hapo, tofauti ya faida haikuwa ile ya DECI ya kuzidisha fedha mara kadhaa, ambayo yenyewe ingetosha kumshtua mtu makini. Ilikuwa tofauti ndogo, inayoelezeka kwa urahisi kuwa ni matunda ya kukwepa gharama za benki kubwa. Hatari iliyojificha nyuma ya faida ya kawaida ni vigumu kuigundua kuliko ile iliyojificha nyuma ya faida ya ajabu, na hatuwezi kumdai muuguzi mstaafu agundue kilichowapita msajili na mamlaka.

Wengine watasema usimamizi wa serikali haukingi kitu, kwani benki zenye leseni nazo huanguka. Ni kweli kwamba huanguka. Northern Rock ilikuwa na leseni. Tanzania nayo inao mfano wa karibu zaidi: Januari 4, 2018, Benki Kuu ilifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Efatha Bank, iliyokuwa na uhusiano na kanisa. Lakini tazama kilichofuata. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi, na kila mwenye amana alikuwa na haki ya kulipwa hadi shilingi milioni 1.5 bila kufanya kampeni yoyote. Waliokuwa na zaidi ya hapo walilazimika kusubiri mali ikusanywe, na kwao maumivu yalikuwa ya kweli. Hata hivyo mwenye akiba ndogo alijua siku ileile anasimama wapi. Tangu hapo kiwango hicho kimepandishwa hadi shilingi milioni 7.5, na Kenya imepandisha chake hadi shilingi 500,000. Usimamizi hauahidi kwamba taasisi haitaanguka. Unaahidi kwamba anguko halitamkuta mnyonge bila jina kwenye orodha ya malipo.

Pingamizi zito kuliko yote ni la tatu: kwamba masharti ya kibenki yakiwekwa kwa kila kikundi, vikundi vitakufa, na maskini ambaye benki haimtaki atabaki bila pa kuweka wala pa kukopa. Hoja hii ni ya haki. Maelfu ya familia za Afrika Mashariki zimejenga, zimesomesha na zimetibiwa kwa mikopo ya SACCO za sharika, za walimu, za wakulima. Kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) cha akina mama 25 hakiwezi kuajiri mkaguzi wa hesabu wa kimataifa, wala hakimhitaji. Wanajuana, wanakutana kila wiki, na sanduku linafunguliwa mbele ya macho yao. Kwa hiyo uzito wa usimamizi unapaswa kuendana na ukubwa wa ahadi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 imefuata njia hiyo kwa kugawa watoa huduma katika madaraja manne, SACCOS zikiwa daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na vikundi vidogo daraja la nne. Kenya nayo, kwa sheria ya mwaka 2008, ilitenga SACCO zinazopokea amana za kuchukuliwa wakati wowote ziwe chini ya SASRA. Katika SACCO nyingi za Kenya akiba kuu ya mwanachama haitoki mpaka ajiondoe kwenye chama, naye anajua hivyo. Watu huilalamikia kanuni hiyo, lakini ni kanuni ya kweli: chama kinachokopesha kwa miaka kimekataa kuahidi fedha kwa siku. Belfast ingekuwa na ukweli huo, msukosuko wa Oktoba 2008 usingekiua chama kwa wiki chache.

Ambacho bado hatuna ni ngazi ya mwisho. Bima ya amana ya Tanzania inahusu benki na taasisi za fedha zinazochangia mfuko huo. SACCOS ya usharika haimo. Sheria ya Kenya ya 2008 iliagiza mfuko wa kudhamini amana za SACCO, lakini miaka mingi imepita mfuko huo ukiwa kwenye maandishi kuliko kwenye matendo. Maana yake mwanachama wa SACCO kubwa yenye mabilioni leo anasimama karibu na pale aliposimama mwanachama wa Belfast Septemba 2008: ana msimamizi, jambo ambalo yule hakuwa nalo, ila hana mdhamini. Serikali zetu hazipaswi kungoja anguko ndipo zianze kujadiliana ni nani alipe. Mfuko unaochangiwa kidogokidogo na SACCO zenyewe wakati wa neema ni nafuu kuliko mkopo wa dharura wa walipa kodi, na haki yake haitegemei ni nani ana mbunge mwenye sauti.

Makanisa, na vivyo hivyo misikiti na jumuiya nyingine za dini, yana sehemu yao, na sehemu hiyo haihitaji sheria mpya. Kanisa likitaka kuingia katika fedha, lipo lango la wazi. Benki ya Mkombozi ilianzishwa na Kanisa Katoliki nchini Tanzania mwaka 2009, na Maendeleo Bank ilianza mwaka 2013 kwa juhudi za Kanisa la Kilutheri. Zote zilipitia leseni ya Benki Kuu na zikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako hesabu zao husomwa na mtu yeyote, muumini na asiye muumini. Kanisa lisilotaka kwenda mbali hivyo nalo lina uhuru wa kulea SACCOS, lakini liseme mimbarani kwa maneno yasiyo na utata: chama hiki si cha kanisa, kanisa halikidhamini, na kikianguka sadaka haitafidia. Kauli hiyo itapunguza wanachama wachache. Itawaachia watakaobaki ukweli ambao watu wa Belfast waliupata wakiwa wamechelewa. Na mchungaji anayekaa kwenye bodi ajue kwamba kola yake inavuta fedha kuliko tangazo lolote, kwa hiyo deni lake la kuuliza maswali magumu ni kubwa kuliko la mjumbe mwingine.

Kwa mweka akiba yanabaki maswali matatu, na yanafaa kuulizwa kwenye mkutano mkuu kwa sauti, na jibu liandikwe kwenye muhtasari. La kwanza: ni nani nje ya chama hiki mwenye mamlaka ya kufungua vitabu vyetu bila kuomba ruhusa yetu, na mara ya mwisho alivifungua lini? La pili: fedha yangu sasa hivi imegeuka kuwa nini, na ingechukua muda gani kuirudisha kuwa fedha kama robo yetu tungeihitaji mwezi huu? La tatu: chama kikifilisika, mimi ni mdai au ni mmiliki, na ni nani anayelipwa kabla yangu? Kiongozi mwaminifu hatakasirishwa na maswali haya, maana yanamlinda na yeye pia. Wakurugenzi wa Belfast wangeulizwa hivyo mwaka 2005, wakati soko likiwa juu na majengo yakiuzika, wangekuwa na miaka mitatu ya kupunguza majengo, kuongeza akiba taslimu na kwenda London kuomba leseni. Waliwaamini wanachama wao, na wanachama wakawaamini wao, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeuliza. Kuuliza hakuvunji undugu wa imani. Ndiko kunakomlinda ndugu asije akalipa kwa akiba yake ya uzeeni gharama ya adabu yetu ya kunyamaza.